Neno la Daktari na Rejista ya Mwalimu Jilo

Vijana wa ofisi mliniomba niandike kidogo kabla sijasahau. Nimestaafu mapema kwa sababu ya macho, na macho nayadai kwa madaktari, ambao nimesoma mwandiko wao maisha yangu yote. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara sita. Mara ya kwanza nilianzia kuzaliwa kwangu, nikajiuliza ni nani anayehitaji habari hiyo. Mara ya pili nilianza kwa shukrani, nikaogopa kumsahau mtu. Sasa naanza tu.

Kazi tuliyofanya pamoja hapa Mombasa mnaijua: mikataba, vyeti, ripoti za watu wasiosoma ripoti. Hiyo naiacha. Nitaandika miezi yangu ya kwanza kule Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mto kufurika. Jambo moja nililowasumbua nalo hapa mpaka mkaninunia nililipata huko, na ni haki yenu kujua lilitoka wapi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi na shahada ya Kifaransa, nikarudi kwetu Kipini. Mwaka mzima sikupata wa kuzungumza naye Kifaransa isipokuwa mbuzi wa mama. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake amesomea lugha ya watu ambao bado hawajafika. Kisha maji yakaja, na baada ya maji wakaja waganga wa misaada kutoka Ufaransa, wakakaa Garsen, wakatafuta mtu wa kugeuza karatasi zao kuwa Kiingereza. Mama alinipigia pasi nguo zote, hata zile ambazo hazipigwi pasi.

Barabara ilikuwa imekatika, kwa hiyo niliingia Garsen nimepanda trela la trekta, viatu mkononi. Njia nzima nilirudia salamu yangu ya Kifaransa. Niliipima kwa sauti ya juu, nikaipima kwa sauti ya chini, nikajiuliza kama ni adabu kutanguliza mkono. Nilipofika, daktari aliyeniajiri, mwanamke mrefu aliyeitwa Elizi, alitoka nje akiwa na kikombe cha chai, nami saa nne za asubuhi nikamtakia usiku mwema. Alinijibu usiku mwema. Nadhani hapo ndipo aliponipenda.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya kituo cha afya. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu mawili. Nyuma yangu kulikuwa na magunia ya unga wa msaada. Nilipewa taipureta ambayo herufi yake ya e ilikwama kila ilipopigwa, na anayejua Kifaransa au Kiingereza anajua hasara ya herufi hiyo. Joto lilifanya karatasi za kaboni zigandane. Kamusi zilikuwa mbili, moja nene ya lugha na nyingine nyembamba ya maneno ya waganga wa akili. Ile nyembamba niliilalia kama mto wa kichwa kwa kuogopa isiibiwe, ingawa sijui nani Garsen angeiba kamusi ya maradhi ya akili kwa Kifaransa.

Kazi ilikwenda hivi. Daktari Elizi alizunguka kwenye kambi za miinukoni, ambako watu wa vijiji vya mtoni walihamia, na kwenye maboma ya Waorma waliopoteza mifugo. Muuguzi wa kituo, Sista Hawaye, Mpokomo wa hapo hapo mtoni, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, alimsikiliza mgonjwa kwa lugha yake na kumweleza daktari kwa Kiingereza chepesi na mikono. Daktari aliandika kwa Kifaransa. Mwisho wa juma makaratasi yalikuja kwangu, nami niliyageuza kuwa Kiingereza kwa ajili ya hospitali kubwa na ofisi kuu ya waganga wale. Wagonjwa sikuwaona. Nilipenda mpango huo. Mtu mwenye wasiwasi hupenda karatasi kwa sababu karatasi haikutazami.

Karatasi nyingi zilihusu hofu. Watu walikuwa wameona maji yakiingia nyumbani gizani, na mwili haukusahau. Neno la kwanza lililonishinda ni "angoisse". Kamusi nene iliweka maneno mawili ya Kiingereza mstari mmoja, "anxiety" na "anguish", yakitenganishwa na mkato, kana kwamba ni mamoja. Hayakuwa mamoja. La kwanza, la wasiwasi, linajazwa kwenye fomu; la pili, la uchungu, linafaa matangani. Nilimuuliza daktari analotaka ni lipi. Alijishika koo, akabana vidole, akaniambia ni hili, kitu kinakuwa chembamba hapa, hewa haipiti. Mimi mtoto wa Kipini nikajiambia moyoni: hiyo ni dhiki, neno tulilo nalo tangu zamani, la mahali palipobana. Lakini sikuajiriwa kwa Kiswahili.

Kulikuwa na "inquiétude", ambayo ni nyepesi zaidi, ni akili isiyokaa kitako. Na kulikuwa na "spasmophilie", ambayo Wafaransa wanaijua vizuri na Waingereza hawajapata kuisikia: mtu anahema haraka, vidole vinakakamaa, anapewa vidonge vya magnesiamu na kuambiwa apumzike. Kamusi nyembamba ilikaa kimya. Nikaandika maelezo ya mistari mitatu. Daktari akasema ni marefu. Nikapunguza yakawa mstari mmoja, na ofisi kuu ikaandika kuuliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

Niseme ukweli kwamba nilikuwa na maradhi hayo yote. Kila dalili niliyoitafsiri niliipata kabla ya chakula cha mchana. Jioni nilifunga stoo, nikatembea hatua thelathini, nikarudi kuangalia kama nimefunga. Dereva wetu, Barisa, Muorma mwenye maneno machache na yote ya kuchoma, siku moja alinisimamisha njiani. "Zuhura, mlango umefungwa," akasema. "Mimi nimeuona. Ng'ombe wangu waliobaki pia wameuona. Panda gari."

Ndipo ikaja barua ya Mwalimu Jilo.

Jilo alifundisha darasa la nane katika shule moja ndogo upande wa Wema. Baada ya mafuriko shule ilihamia kwenye mahema, na asubuhi nyingine alishindwa kuingia darasani. Kifua kilibana, jasho lilimtoka, akaketi nje mpaka hali hiyo ikapita. Alipokosa siku tano, ofisi iliyomwajiri, ambayo sitaitaja, ilitaka barua ya daktari kwa Kiingereza. Daktari pekee aliyekuwepo eneo zima alikuwa Elizi. Alimwona mara moja, foleni ikiwa ndefu, akaandika nusu ukurasa. Mwalimu ana mashambulizi ya asubuhi, moyo na mapafu yake ni mazima, anahitaji mapumziko mafupi. Ugonjwa: "névrose d'angoisse", ile dhiki ya kooni ikiwa imepewa jina la ugonjwa.

Nusu ukurasa ule ulinichukua siku mbili. Nilijaza nyuma ya karatasi ya kaboni maneno kumi na moja, nikayapanga kwa uzito, nikayapangua. Mwishowe kamusi nyembamba iliniokoa, au nilidhani imeniokoa. Ilikuwa na jibu moja tu, safi, bila mkato: "anxiety neurosis". Nililipiga kwa taipureta nikiwa na raha ya mtu aliyekuta ufunguo umeandikwa jina la mlango. Sikuwaza nani atalisoma. Mimi niliyewaza mpaka mkono wa salamu, hilo sikuliwaza. Barisa akaipeleka barua.

Jibu lilirudi baada ya siku tisa, likiwa na mistari miwili. Kwa kuwa mwalimu amethibitishwa na daktari kuwa na ugonjwa wa akili, asisimame mbele ya watoto mpaka apimwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Muhula utakapofunguliwa, nafasi yake itapewa mwingine.

Muhula ulikuwa unafunguliwa baada ya majuma matatu. Hospitali yenyewe ilikuwa Nairobi, na barabara ilikuwa bado inapitika kwa trekta tu. Tena habari ya mistari miwili haikai ndani ya bahasha. Barisa alipokwenda Wema alisikia mwanamke kisimani akimwambia mwenzake kwamba mwalimu wa darasa la nane ana wazimu, na kwamba Wazungu ndio waliouona.

Nilimpelekea daktari kamusi, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Neno ni sahihi, nikasema. Naye akakubali kwamba neno ni sahihi. Akanieleza kwamba kwao hiyo "névrose" ni jambo la kila siku, nusu ya watu anaowajua wanayo, wanakwenda kazini nayo kama watu wanavyokwenda na miwani. Kichaa ni kitu kingine kabisa, na kina jina jingine. Tukabaki tumesimama pale, wawili tulio sahihi, na mwalimu hana kazi.

Sista Hawaye alikuwa akikunja bandeji. Hakuinua macho. Aliniuliza, "Zuhura mwanangu, hiyo barua mwenyewe aliisikia?"

Nikasema aliandikiwa na daktari.

"Sikukuuliza nani aliandika. Mwenyewe aliisikia kabla haijaondoka?"

Nikasema hapana. Si kawaida. Barua ni ya daktari na ofisi.

Hapo akanieleza habari ya babu yake, ambaye zamani alikuwa akitumwa na ujumbe wa posa na wa misiba kutoka kijiji hadi kijiji mtoni. Alikuwa na desturi yake. Akishapewa maneno alitia mguu mmoja mtumbwini, mwingine akauacha ukingoni, akageuka na kuyarudia yote mbele ya aliyemtuma. Kama mwenyewe alisema siyo hivyo, alitoa mguu akaanza upya. Watu walimcheka kwa kuchelewa. Lakini hakuna siku aliyofika ng'ambo na maneno yasiyo ya mwenyewe. Sista naye alifanya vivyo hivyo wodini: mgonjwa hakutoka mlangoni mpaka amerudia vidonge vyake atavimeza lini.

"Wewe ulitia miguu yote miwili," akaniambia.

Daktari alipinga mwanzoni. Alisema mgonjwa hasahihishi utambuzi wa daktari. Sista akamjibu kwa Kiingereza chake chepesi kwamba hatasahihisha ugonjwa, atasahihisha barua, na kwamba ugonjwa ni wa daktari lakini kazi ni ya mwalimu. Kisha Elizi akasema mwalimu aletwe.

Jilo alikuja siku ya Jumatano, saa sita mchana, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kipande cha chaki mfukoni. Tuliketi stooni juu ya magunia ya unga, daktari, Sista, yeye na mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na mtu ambaye nilikuwa nimemtafsiri. Nilianza kumweleza kwa Kiswahili, taratibu, kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kwa nini neno lile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono.

"Naomba niione."

Nikampa nakala ya kaboni. Akaisoma. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, ile ile anayosahihishia madaftari, akaanza kupiga mistari. Alirekebisha kitenzi kimoja, akaongeza nukta, akazungushia duara "neurosis" na kuweka alama ya kuuliza pembeni.

"Binti," akaniambia, "mimi nafundisha Kiingereza darasa la nane. Barua inanihusu mimi, kwa lugha ninayoifundisha mimi, na hakuna mtu aliyenionyesha."

Nilikuwa nimetafuta maneno kumi na moja katika kamusi mbili, na mtu aliyekijua Kiingereza vizuri kuliko kamusi zangu alikuwa umbali wa safari moja ya trekta.

"Ningekupa sita juu ya kumi," akasema. "Sarufi si mbaya."

Sista Hawaye alicheka, kisha Jilo mwenyewe akacheka kidogo, na daktari akaniuliza kinachochekesha. Nikamtafsiria. Akataka kujua kama yeye naye amepewa alama.

Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda kwa namna ile ya babu yake Sista. Daktari alisoma sentensi yake, mimi nikaisema kwa Kiswahili, Jilo akasema ndivyo au sivyo. Moyo mzima, ndivyo. Kulala, analala vizuri. Tulipofika mahali palipoandikwa kwamba mashambulizi huja asubuhi shuleni, akasema sivyo.

"Si asubuhi. Ni rejista."

Akaeleza akitazama chaki yake. Siku maji yalipoingia alikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Aliwavusha kwa mitumbwi miwili, safari kwa safari, mpaka kwenye mwinuko. Huko juu akawahesabu. Arobaini. Akahesabu tena. Arobaini. Msichana mmoja alikuwa ameshuka upande wa pili kumfuata mbuzi wake, na ulipita muda kama wa kupika ugali kabla hajaonekana. Alionekana, akiwa na mbuzi. Usiku ule wote walilala salama.

"Hakuna aliyekufa," Jilo akasema. "Mwenzangu mmoja amezika watoto wawili na anafundisha. Mimi sikumpoteza hata mmoja. Lakini nikifungua rejista, nikaita jina la kwanza, hapa pananifunga. Nahisi nikifika mwisho watakuwa arobaini. Sasa hilo nilimwambie nani, na niliite nini?"

Nililigeuza kwa Kifaransa polepole. Ni tafsiri niliyoifanya bila kufungua kamusi. Elizi akauliza kama kufundisha kwenyewe kunamshinda. Jilo akasema hapana. Mwalimu Komora wa darasa la saba akimwitia majina, yeye huingia na kufundisha mpaka kengele. Amefanya hivyo mara mbili.

"Andika hayo," daktari akaniambia. "Kama alivyosema."

Tukaandika upya pale pale. Neno la Kifaransa lilibaki, kwa sababu daktari alilitaka na lilikuwa lake, lakini chini yake tulieleza kwa Kiingereza cha kawaida kilichotokea, kinachomtokea, kinachomsaidia, na kwamba akili yake ni timamu. Hatukuandika "neurosis". Nilimsomea yote. Akasema ndivyo. Nikachukua bahasha.

"Bado," akasema.

Nikauliza nini kimebaki.

"Mmeandika ninachougua. Hamkuandika ninachotaka. Ongeza kwamba nataka kurudi."

Hapo nilipata shida ya kweli. Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Nilianza kuwaza liende chini ya utambuzi au chini ya matibabu, liwe kwa nafsi ya kwanza au ya tatu, na kama daktari anaweza kutia sahihi chini ya anachokitaka mgonjwa. Sista Hawaye, aliyekuwa ameshainuka kwenda mlangoni, alinitazama tu, mguu wake mmoja ukiwa nje ya kizingiti, na sijui kama alikusudia. Nikaliandika mwisho kabisa, chini ya sahihi ya daktari, na Jilo akatia sahihi yake chini ya sentensi hiyo. Barua ikawa na sahihi mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona tena katika karatasi ya hospitali.

Barisa aliichukua siku hiyo hiyo. Aliniuliza kama nimeufunga mlango wa stoo. Nilikuwa nimesahau hata kuufunga.

Sitawasimulia siku kumi na tatu za kungoja. Nilijitibu kwa maji na kwa kupanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa. Jibu lilikuja na mistari mitatu safari hii. Mwalimu arudi darasani muhula ukifunguliwa, mwalimu mwenzake amsaidie kuita majina, na daktari amwone tena baada ya muhula mmoja. Katika barua yetu yote ya ukurasa mzima, ofisi ilinukuu sentensi moja tu, ile iliyokuwa chini ya sahihi.

Nilifanya kazi Garsen miezi mingine kumi na sita. Tangu siku hiyo sikutafsiri habari ya mtu aliye hai na anayefikika bila kumrudishia kwanza kwa lugha anayoielewa. Daktari alilalamika kwamba kazi imekuwa ya polepole, kisha akazoea, kisha akaanza kunikumbusha yeye. Mara nyingi mtu alisema ndivyo na tukawa tumepoteza nusu saa. Mara nyingine alisema sivyo. Ndiyo maana hapa Mombasa niliwarudisha kwenye foleni kumsomea mama fulani cheti chake, nanyi mkasema Bi Zuhura ana wasiwasi. Ninao. Haujaisha, na nimeacha kungoja uishe. Umenifaa pale tu nilipoupeleka kwa mwenye habari badala ya kuupeleka kwenye kamusi.

Kamusi ile nyembamba nimeiacha kwenye droo ya juu, kwa yeyote atakayekaa mezani pangu. Imechakaa na maneno yake mengine yameshaachwa na waganga wenyewe. Kwenye ukurasa wa herufi A mtakuta kikaratasi kilichokatwa kwenye daftari la shule. Nakiomba kibaki hapo. Barisa aliniletea kutoka Wema, siku ya Jumatatu, katikati ya muhula wa pili, na akaniambia Mwalimu Komora asubuhi hiyo alifika na kukuta kazi yake ya kuita majina imeshafanywa. Kimeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili, na hakijawahi kuhitaji tafsiri:

"Arobaini na mmoja. Wote wapo."